Akiba ya Pindo

Tulitoka Bertrams, mtaa wetu wa Johannesburg, asubuhi moja ya mwezi wa nne bila mpango wowote, na hilo lilinitia wasiwasi. Mtu wa kutoka bila mpango ni mimi. Maisha yangu yote nimepanda magari kwa sababu tu yamesimama mbele yangu. Fundi hakuwa hivyo. Kila mwaka, majani ya mitaa yetu yalipoanza kuanguka na asubuhi zikaanza kuuma vidole, alibandika karatasi ndani ya kombi, juu ya cherehani, yenye majina ya nyumba zote tutakazopita: Welkom kwa fulani, Bloemfontein kwa fulani na mkewe, Durban kwa watu wa Pangani. Asubuhi hiyo karatasi haikuwepo. Zilibaki pini nne.

"Fundi, tunaelekea wapi?"

"Washa gari kwanza."

"Limeshawaka."

"Basi endesha. Barabara si inajua inakokwenda?"

Hayo yalikuwa maneno yangu. Nilikuwa nikimwambia hivyo miaka yote, na miaka yote aliyaita maneno ya mtu asiye na kwao. Nikaendesha. Kwenye roboti ya kutokea mjini, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ikabidi niulize tena, maana kusini ni njia ya Free State tuliyoizoea na magharibi hatukuwahi kwenda. Alikuwa amekaa nyuma, koti dogo la mtoto limelazwa magotini mwake.

"Magharibi," akasema.

Hapo nikajua. Katika nyumba zote za watu wake, kwa miaka tisa kulikuwa na moja ambayo hatukuipita hata kwa bahati mbaya, nayo ilikuwa magharibi, Upington, kando ya Mto Orange, siku nzima ya mwendo na zaidi kwa kombi yetu. Ilikuwa nyumba ya binti yake wa pekee. Fundi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limeshafunga, na la kulia daktari alimwambia foleni ya upasuaji ni ndefu kuliko subira ya jicho lenyewe. Kama hangekwenda mwaka huo, angemjua mjukuu wake kwa kumpapasa tu.

Sasa chumba chake cha Bertrams kina kijana anayetengeneza simu. Watu wakipita huuliza, "Fundi yuko wapi?" na kijana huwaelekeza kwangu nikiwa karibu, kwa hiyo nimekuwa nikimsimulia mtu mmoja mmoja. Nimechoka kusimulia kwa vipande. Afadhali niandike.

Nilimfahamu kwa ajili ya mfuko. Nilikuwa nimefika Johannesburg miezi michache kabla, nikiwa na koti ambalo mfuko wake ulitoboka kwa sababu ya tabia yangu ya kuokota vitu: nati, mawe, funguo zisizo na makufuli. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa ukorofi. Dirisha la darasa lilikuwa kubwa mno. Tangu hapo kila ninachokijua nimekipata kwa kuuliza, na siku ile nilimuuliza Fundi maswali tangu aliposhika sindano mpaka alipokata uzi. Kwa nini uzi unapakwa nta? Kwa nini bega la kulia unalishona mara mbili? Mwishowe akavua miwani.

"Wewe unatoka wapi?"

"Korogwe."

"Nilijua si mtu wa Tanga mjini. Mtu wa mjini huuliza bei tu, akaondoka. Unajua kuendesha gari?"

"Najua."

"Basi kuanzia mwezi wa nne uliza ukiwa umeshika usukani, mimi nishone kwa amani."

Ndivyo nilivyopata kazi, na jina. Tangu siku hiyo aliniita Dereva, hata nilipokuwa nimelala.

Kombi ilikuwa kuukuu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Aliinunua kwa wazee wawili wa mtaa jirani wa Troyeville waliochoka kupiga kambi. Ilikuwa na kitanda nyuma, jiko la gesi la mafiga mawili, na sinki lililotosha kuoshea kikombe. Palipokuwa na meza ya kulia, yeye alifunga cherehani sakafuni kwa nati nne. Mapazia aliyashona kwa vipande vya vitenge vya wateja, kwa hiyo ukiwa ndani ungeweza kusema: hili la maua ni la mke wa mchungaji, hili la ndege ni la yule aliyehamia Kanada.

Sababu ya kuwa na gari la kulala aliieleza kwa maneno machache. Watu wetu huku wengi wanaishi chumba kimoja. Mgeni akija, baba mwenye nyumba analala kwenye kiti na asubuhi anakwenda lindoni shingo imepinda. "Mgeni anayekuja na kitanda chake," alisema, "ndiye anayekaribishwa kwa moyo wote." Kwa miaka tisa hakulala ndani ya nyumba ya mtu hata siku moja. Watu walimsihi, wengine walinuna, kule Durban mama mmoja alificha ufunguo wa kombi. Fundi alilala nje ya mlango wa kombi kwenye kiti cha kukunja, amejifunika kanzu mbili, mpaka ufunguo ukarudishwa.

Alikuwa na sheria nyingine za ugeni. Hakula chakula cha mtu kabla hajatengeneza kitu cha nyumba hiyo, walau kifungo. Hakuvuka siku ya pili. "Mgeni akishajua bei ya mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani," alisema, "huyo si mgeni, ni mpangaji." Na hakupiga hodi zaidi ya mara tatu. Hilo la mwisho kwake lilikuwa kama dini, na wapo watakaosema lilikuwa dini hasa: unapiga hodi mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka bila kinyongo.

Mimi sheria hiyo niliilipia kwa miguu. Siku moja kabla ya kila safari tulianzia Hillbrow, kwa Mama Furaha, msusi Mkongo kutoka Bukavu anayeishi ghorofa ya kumi na moja katika jengo ambalo lifti yake imekuwa sanduku la takataka. Mwaka mmoja tulipanda ngazi zote, Fundi akipumzika kila ghorofa ya tatu, akapiga hodi tatu, kimya. Akageuka. Tulipofika barabarani, Mama Furaha akatoa kichwa dirishani, povu la shampuu mikononi.

"Baba Fundi! Minakusikia, nilikuwa na kichwa ya mutu mu maji! Panda!"

"Mlango umeshasema, mama."

"Mulango haina kinywa! Panda, nimepika sombe!"

"Nitakuja kesho."

"Eish, huyu muzee!" Akaniona mimi. "Na weye Dereva, unafuata tu kama mbuzi?"

Tukarudi kesho yake. Ngazi zilikuwa zile zile.

Majira yale Fundi aliyaita kwa jina lake mwenyewe. Kwetu hakuna jina la wakati ambapo majani yanakauka bila ukame, kwa hiyo aliyaita majira ya kupima. Alipima watoto mwezi wa nne, akawashonea makoti hapo hapo, mlangoni kwa wazazi wao, ili baridi ya mwezi wa sita iwakute wamevaa. Watoto wa watu wetu huku wengi wanasikia Kiswahili lakini wanajibu Kiingereza au Kizulu, na Fundi lugha zote mbili alizijua kwa shida. Haikumzuia. Aliinua futi yake, mtoto akainua mikono, wakaelewana.

Watu wazima aliwapima kwa jicho. Tukiwa kwenye foleni alimwambia mtu asiyemjua, mlinzi wa maegesho karibu na uwanja wa mpira: "Kifua arobaini na mbili. Bega lako la kushoto limeshuka. Ulikuwa ukibeba nini?" Yule mtu akajishika bega, akasema, "Saruji. Maputo, miaka minne." Fundi akatikisa kichwa kama daktari. Alishona koti la huyo mlinzi bega moja likiwa na pamba zaidi, na mtu akasimama wima kwa mara ya kwanza tangu Maputo.

Wakati tunasafiri alishona kwa mkono, matundu ya vifungo hasa, na aliijua nchi kwa mishono. Angeitazama kola na kusema, "Hii imeshonwa baada ya Kroonstad, angalia ilivyonyooka." Palipopinda alinilaumu mimi.

"Dereva, umeliona shimo?"

"Nimeliona."

"Basi mbona umeliingia?"

"Nilitaka kujua kina chake."

"Mtu wa Korogwe," alisema, akafumua.

Lakini kitu kilichomfanya awe Fundi na si mshonaji tu kilikuwa akiba. Kila nguo iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na vidole vitatu vya kitambaa vilivyokunjwa ndani ya pindo, na vingine kwenye mikono na ubavuni. Mtoto akikua unafumua, nguo inakua naye. Nimeona huko Bloemfontein koti lake moja lililovaliwa miaka minne, alama za mapindo ya zamani zikionekana kwenye mikono kama mistari ya umri. Vijana wa Hillbrow wanaopenda suti za kubana hawakutaka kitambaa cha ziada. Mmoja alimlalamikia, "Baba Fundi, hiyo kitu mingi ndani inanifanya mnene."

"Oa kwanza," Fundi akamjibu. "Ukinenepa utakuja kunishukuru."

Na wakimbishia sana aliwapa msemo wake, ambao sijausikia kwa mtu mwingine: "Nguo isiyo na akiba ya pindo ni sanda. Maiti peke yake ndiye habadiliki."

Nilijifunza sehemu za hesabu kwake, nusu, robo na thumni, kwa futi ile ile. Mwalimu wangu wa darasa la tano angeshangaa.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, na uzi aliubana kama dhahabu, akiunganisha vipande vya urefu wa kidole. Koti lake mwenyewe lilikuwa limeraruka kwapani kwa miaka yote niliyomjua, na nilipomwambia nilishone mimi alisema sitaliweza. Alisifu subira kwa kila mtu, lakini wali ukichelewa alifungua sufuria mara sita. Na alikuwa na neno moja alilolisimamia kuliko yote, ambalo ndilo lililomponza: jambo la maana huletwa kwa miguu.

Kwa simu aliagiza vifungo na kuuliza hali ya hewa, basi. Habari kubwa aliipeleka mwenyewe. Kuna mwaka mama wa jamaa yetu wa Welkom alifariki Tanga, na ndugu wakamtumia Fundi ujumbe amwarifu mwanawe. Simu ingechukua dakika moja. Fundi alifunga duka, tukaendesha nusu siku, katikati ya mwezi wa tisa. Yule jamaa alikuwa anafagia mlangoni. Alipoiona kombi nje ya msimu wake aliuweka ufagio chini, akakaa sakafuni, akasema, "Ni mama." Fundi akakaa naye pale pale, vumbini, mpaka adhuhuri.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kama haoni kwamba sasa watu wataiogopa kombi.

"Ndiyo maana nakwenda kila mwaka bila habari yoyote," akasema. "Ili gari langu lisiwe la misiba tu."

Nilimheshimu sana siku hiyo. Ndiyo maana lile la binti yake lilinisumbua, kwa sababu lilitoka kwenye neno hilo hilo.

Binti alisoma Johannesburg, akapata kazi Upington kwenye kampuni ya kupaki zabibu, na huko akakutana na kijana wa Uvira, mlinzi wa ghala. Alikuja likizo akamwambia baba yake, na baba hakukataa. Walikwenda pamoja Fordsburg kuchagua kitambaa cha gauni, satini ya rangi ya maziwa yaliyoiva, binti akiipapasa mita kwa mita, mimi nikibeba. Kilichobaki ilikuwa kijana alete posa. Kwetu posa haiji yenyewe. Huja wazee wawili watatu, wamevaa, wakaketi, wakazungumzia mvua kwanza. Fundi aliagiza viti kwa jirani.

Posa ikaja kwa simu. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Nilikuwepo. Kijana alisema kwa heshima sana, kwa Kiswahili cha kwao, kwamba anaomba radhi, hawezi kufika, anaomba kuoa. Fundi aliusikiliza mara moja. Akaiweka simu chini ya rundo la nguo, akaendelea kushona suruali ya mtu. Jioni viti vikarudi kwa jirani.

Hakukataza ndoa. Hakwenda tu, na hakushona gauni. Mtu aliyewashonea maharusi wa Bertrams na Troyeville wote, Wakongo kwa Watanzania, aliacha binti yake aolewe na gauni la kukodi. Binti alipiga simu siku ya harusi, Fundi akasema, "Hongera, mwanangu," na tangu hapo ikawa salamu za Idi, na baadaye kimya. Na yule yule aliyeingia nyumba za watu bila kualikwa, akila sombe na ugali wa kila kabila, alisema kuhusu Upington: "Mimi siendi nisikoitwa."

Nilimwambia siku moja, "Fundi, Welkom walikuita?"

"Endesha gari."

Mjukuu alipozaliwa tuliambiwa na Mama Furaha, ambaye ni mtu wa ukoo wa yule kijana. Fundi alisema habari za nyumba hiyo zisiletwe tena masikioni mwake. Lakini mwaka uliofuata, pale Hillbrow, nilimwona akimpima mtoto wa Mama Furaha, aliyezaliwa mwezi huo huo, akakata vitambaa viwili. Kila mwaka vitambaa viwili. Koti moja alilivaa mtoto wa Mama Furaha. La pili lilipotea.

Mimi kitu kikipotea situlii. Siku moja nikitafuta jeki chini ya kitanda cha kombi nilivuta droo nikayakuta, yamepangwa kutoka dogo hadi kubwa, kila moja na akiba yake pindoni. Nilipogeuza moja ndani nje, bitana ilikuwa satini ya rangi ya maziwa yaliyoiva. Nilirudisha droo polepole. Ni swali pekee ambalo sikumuuliza.

Mwaka huu wa mwisho tulipanda ngazi za Hillbrow kama kawaida, siku moja kabla ya safari. Alijibiwa hodi ya pili. Alimpima mtoto kwa vidole zaidi kuliko macho, na mimi nilimtungia uzi. Mama Furaha alimtazama muda mrefu, kitana mkononi.

"Baba Fundi, macho inakufa."

"Inakufa, mama."

"Basi leo nitasema, ukikasirika ukasirike. Ile wakati ya posa, karatasi ya yule kijana ilikuwa imekufa. Ya ukimbizi. Ofisi inamurudisha kila wiki. Angepitia wapi kuya huku? Wangemushika njiani, wamurudishe Uvira. Na wazee alikuwa nao wapi? Wazee wake walibakia kule, mu udongo."

Fundi alikuwa ameshika futi mgongoni mwa mtoto. Haikusogea.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Binti yako alinikataza, alisema baba atamuuliza yeye. Haukuuliza mutu."

Fundi mwenyewe, na hili alinisimulia kwa mdomo wake, miaka mitatu ya mwanzo Johannesburg hakuvuka roboti ya pili kutoka chumbani kwake, kwa sababu ya karatasi. Alishona ndani na watu wakamletea unga. Katika watu wote wa mji huu, yeye ndiye aliyepaswa kuuliza.

Alikunja futi, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akashuka ngazi zote bila kupumzika. Usiku kucha cherehani ilinguruma, na asubuhi karatasi ya safari haikuwepo juu yake.

Tulilala Vryburg kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, tukapita Kuruman asubuhi kukiwa na baridi kama kisu. Baada ya hapo nchi inakuwa tambarare na nyekundu, hakuna mti wa kuangusha majani. Barabara ilinyooka kuliko yoyote niliyoiendesha, na Fundi hakushona tundu hata moja. Alipapasa pindoni lile koti la magotini, la sita la mjukuu, akirudia tena na tena, kama mtu anayehesabu akiba yake.

"Dereva."

"Naam."

"Asipofungua, tutarudi. Usiniulize kitu njiani."

"Sitauliza."

"Utaweza?"

"Hapana."

Akacheka kidogo.

Upington tulifika alasiri. Mizabibu ilikuwa imegeuka rangi, mto nyuma yake. Anwani alikuwa nayo, kumbe miaka yote, ndani ya kasha la miwani. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali yenye uzio wa waya, na zabibu zimeanikwa uani juu ya wavu. Kombi ilisimama kwa kelele zake zote. Hakuna aliyekuwa ndani angeweza kusema hakuisikia. Fundi alishuka, koti mkononi, akapapasa lango, akafika mlangoni.

"Hodi."

Ndani redio ikazimwa.

"Hodi."

Niliona pazia likitikisika, likatulia. Nilishika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Hodi."

Kimya. Nilisubiri ageuke. Nilishamwona akigeuka kwenye milango mingi, uso haujabadilika, kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Aligeuka kweli. Alipiga hatua moja kuelekea kwangu, akasimama, koti amelikumbatia kwa mikono miwili. Kisha akaurudia mlango, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Hodi, mwanangu," akasema. "Ni baba yako, nimekuja."

Mlango ukafunguliwa papo hapo. Binti alikuwa amesimama nyuma yake muda wote.

"Nilikuwa nahesabu," akasema. "Nilijua ya tatu utaondoka. Nikasema, akiondoka basi."

"Nimepiga nne."

"Nimesikia, Baba."

Hawakukumbatiana. Kwetu baba na binti mkubwa hawakumbatiani mlangoni. Alipiga goti, akasema shikamoo, na marahaba ya Fundi haikutoka vizuri. Msichana wa miaka sita akachungulia nyuma ya mama yake, akauliza kitu kwa Kiafrikana. Fundi hakuelewa neno. Akatoa futi mfukoni. Mtoto akaitazama futi, akamtazama mzee, akainua mikono.

Koti lilikuwa dogo. Mikono iliishia juu ya vifundo vya mikono ya mtoto kwa kiasi cha kiganja. Mtoto wa Mama Furaha ni mfupi kama mama yake, na huyu baba yake ni mrefu.

"Nilimpima mtoto wa watu," Fundi akasema, akiupapasa mkono wa koti na kukuta ngozi mahali palipotakiwa kuwa na kitambaa. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona ameaibika kazini. "Nimekosea. Nipe mkasi."

Binti alimvua mtoto koti ili lifumuliwe, akaligeuza ndani nje. Akaiona bitana. Alisimama hivyo hivyo, akaisugua satini kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyofanya Fordsburg.

"Hiki ni changu," akasema.

"Ni chako. Yapo mengine matano kwenye gari. Hayamtoshi tena, lakini yapo."

Akakaa chini pale pale kizingitini na kulia, na mtoto akamshika kichwa. Fundi alikaa karibu naye, akafumua pindo la mikono yote miwili. Vidole vitatu kila upande. Sindano ilipohitaji uzi aliishika hewani, akingoja, na mimi nilipotaka kusogea binti akafuta macho, akaichukua, akatunga kwa mara moja.

Mume alirudi jua likiwa bado lipo, sare ya ulinzi mwilini, chombo cha chakula mkononi. Alipomwona mzee kizingitini aliganda langoni. Fundi akasimama kwa kushika ukuta.

"Baba mkwe," yule kijana akasema. "Karibu. Karibu sana."

"Ule ujumbe wako," Fundi akasema, "nimeupata. Umechelewa njiani."

"Ulikawia miaka saba, Baba?"

"Barabara mbaya. Na dereva wangu anapenda mashimo." Akaachia ukuta. "Ningekuja kukuuliza wakati ule. Sikuuliza. Nisamehe."

Kijana alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na nikatazama zabibu.

Tulipokula, binti akauliza tutalala wapi. Fundi akasema mle mle, kwenye kombi, ndivyo ilivyo kawaida yake.

"Kawaida yako kwa watu," binti akasema. "Makoti matano hayamtoshi mtoto, na la sita halijaisha. Utayarefusha kwa macho yapi, ndani ya gari lisilo na taa? Hapa kuna chumba na dirisha. Mimi nitatunga uzi."

Niliisubiri ile hotuba ya mgeni na mpangaji. Fundi akaniambia, bila kunigeukia, "Dereva, spana iko chini ya kiti."

Nilikwenda kufungua cherehani. Nati tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imeota kutu, ikabidi niitie mafuta ya kupikia na kungoja. Nilijua tayari kwamba kesho au keshokutwa nitairudisha kombi peke yangu, kitanda chote changu, na sitakuwa na wa kumuuliza kitu. Nati ikalegea. Nilikibeba chuma kile kizito kifuani mpaka mlangoni, mikono yote imejaa, nikasema hodi mara moja.

Sauti iliyojibu "karibu" kutoka ndani ilikuwa ya Fundi.